Maswali ya chemsha bongo yanayohimili ubishi: jibu kwa mwalimu wa Kondoa

Mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa ameniandikia barua ambayo sehemu yake kubwa nainukuu hapa:

“Shikamoo Mzee. Shule za eneo letu hukutana kila mwaka kwa chemsha bongo yenye maswali ya sanaa, michezo, muziki na sayansi. Mashindano yaliyopita yalifanyika Dodoma mjini, na msichana mmoja aliulizwa maji huchemka kwa nyuzi joto ngapi. Akajibu kwamba kwa hapa Dodoma ni chini ya mia moja. Majaji walimnyima pointi, shule yake ikatolewa, na ukumbi ukagawanyika. Safari hii kazi ya kutunga maswali nimepewa mimi. Naomba kujua nani alikuwa sahihi, na nitungeje maswali yasiyozua ugomvi bila kuyafanya mepesi mno. Wenzangu pia wanataka tuulize mambo makubwa ya dunia tu, kwa kuwa wanasema ya kwetu ni rahisi. Unaonaje?”

Marahaba, Mwalimu. Msichana huyo alikuwa sahihi, na alistahili pointi yake. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke unaotaka kutoka ndani yake inapolingana na kanieneo ya hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Kando ya bahari, Tanga au Dar es Salaam, hali hiyo hufikiwa kwenye nyuzi joto 100. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo tabaka la hewa lililo juu yetu ni pungufu na kanieneo yake ni ndogo, na kwa sababu hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kiwango cha mchemko hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenu Kondoa, ambako ni juu zaidi ya Dodoma, hushuka tena kidogo, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 80 tu, kiasi kwamba maharage yangeweza kutokota huko siku nzima bila kuiva. Sufuria la presha hufanya kinyume chake: hufungia mvuke ndani, kanieneo ikapanda, na maji yakafika hadi nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

Huenda mtu akasema kwamba maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, na chumvi hupandisha kiwango cha mchemko. Ni kweli, lakini kiasi chake ni kidogo mno kuweza kubadilisha hukumu. Hata mtu akiyeyusha gramu 58 za chumvi ya mezani katika lita moja ya maji, jambo ambalo lingeyafanya yasinyweke kabisa, kiwango kitapanda kwa nyuzi moja tu hivi.

Siwalaumu majaji moja kwa moja, kwa sababu kadi waliyopewa iliandikwa 100, na ndicho kitabu kinachosema. Kasoro ilikuwa katika swali lenyewe, ambalo halikutaja sharti ambalo jibu lake linalitegemea. Tazama jinsi kasoro hiyo ilivyofanya kazi: mwanafunzi aliyekariri namba bila kuielewa angepata pointi bila shida, na mwanafunzi aliyeelewa kanieneo ya hewa ndiye aliyepoteza. Kwa muda wote niliotunga maswali ya mashindano ya shule, nimeona jambo hili likijirudia katika sanaa, katika michezo na katika muziki pia. Swali lililotungwa vibaya haliwaumizi washiriki wote sawasawa. Humuumiza anayejua zaidi, kwa sababu ndiye peke yake anayeona kwamba lina majibu mawili. Anasita, anafikiri, muda unamwishia, au anatoa jibu ambalo kadi ya jaji haina. Ukitaka kulipima swali lako kabla ya kulipeleka ukumbini, usijiulize kama mwanafunzi wa kawaida atalijibu. Jiulize kama mwanafunzi hodari kuliko wote anaweza kulipinga.

Swali la maji lingeponywa kwa maneno machache: “Katika usawa wa bahari, maji safi huchemka kwenye nyuzi joto ngapi za Selsiasi?” Hapo sharti la mahali limetajwa, hali ya maji imetajwa, na kipimo kimetajwa, kwa hiyo jibu ni moja. Hata hivyo, mimi ningekwenda mbele kidogo, kwa sababu swali hilo sasa ni salama lakini bado linadai kukariri tu. Ningeuliza hivi: “Kwa nini maharage huchelewa kuiva Dodoma kuliko Tanga, hata yakiwa ya aina moja na moto ukiwa uleule?” Hapa mwanafunzi analazimika kuifikia kanieneo kwa akili yake. Swali hilo linaibua pia jambo analolijua kutoka jikoni kwao, na asiyewahi kusoma sura hiyo ya kitabu bado anaweza kulikaribia kwa kufikiri.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu, kwa kweli, inaweza kukupa swali jingine zuri katika michezo, na ningependa ulitumie. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico City, mji ulio takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Katika michezo hiyo Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90 katika mruko mrefu, rekodi ambayo ilidumu hadi mwaka 1991, na wakimbiaji wa mbio fupi walivunja rekodi kadhaa; wakati huohuo wakimbiaji wa mbio ndefu walipata muda mbaya na wengi waliumia. Swali lako liwe: ni kitu gani kimoja kilichowasaidia wa kwanza na kuwaumiza wa pili? Jibu ni hewa hafifu, ambayo humpunguzia mrukaji na mkimbiaji wa mbio fupi ukinzani, lakini humnyima mkimbiaji wa mbio ndefu oksijeni anayoihitaji kwa saa mbili nzima. Mwanafunzi aliyelielewa swali la maharage atalijibu hili, na hapo utakuwa umeyaunganisha masomo mawili ambayo shuleni hufundishwa katika vyumba tofauti.

Sharti la pili linalosahaulika ni wakati. Chukua swali linalopendwa sana: “Mwanamuziki gani maarufu wa bendi ya Queen alizaliwa Tanzania?” Jibu linalotarajiwa ni Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na ambaye kwa hakika alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946. Lakini mwaka 1946 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Muungano ulikuja mwaka 1964. Mwanafunzi wa historia anayeujua mpangilio huo atasikia swali lako kama mtego. Andika “alizaliwa Zanzibar” na tatizo limekwisha. Vilevile Erasto Mpemba, ambaye nitamrudia, aligundua jambo lake mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa Tanganyika, si wa Tanzania.

Wakati una hila nyingine katika mambo yanayohesabika. Mashindano ya soka ya Mataifa ya Afrika yaliyoitwa ya mwaka 2023 yalichezwa Ivory Coast kuanzia Januari 2024, na Olimpiki iliyobeba jina la Tokyo 2020 ilifanyika mwaka 2021. Ukiuliza “bingwa wa Afrika mwaka 2024 alikuwa nani”, unamlazimisha mshiriki kubahatisha kama unauliza jina la mashindano au mwaka yalipochezwa. Katika sayansi ya anga mambo hubadilika hata upesi zaidi: sayari ya Zohali ilitangazwa mwaka 2025 kuwa na miezi 274 inayotambulika, baada ya wanaanga kuongeza 128 kwa mpigo mmoja, na vitabu vingi vilivyomo katika maktaba za shule zetu vina namba ndogo zaidi. Kwa maswali ya namna hiyo, ama taja mwaka ndani ya swali, ama achana nayo. Mimi huachana nayo, kwa sababu idadi ya miezi ya Zohali haimfundishi mtu chochote kuhusu Zohali.

Wimbo wa taifa nao huleta ubishi wa aina hiyo. Watungaji hupenda kuuliza ni nchi ngapi zinatumia sauti, yaani tuni, ya “Nkosi Sikelel’ iAfrika”, wimbo ambao Enoch Sontonga aliutunga Afrika Kusini mwaka 1897. Tanzania na Zambia hutumia sauti hiyo kwa maneno yao, Afrika Kusini huitumia kama sehemu ya kwanza ya wimbo uliounganishwa na mwingine, na Zimbabwe iliitumia kuanzia uhuru mwaka 1980 hadi mwaka 1994. Je, Afrika Kusini ihesabiwe? Zimbabwe je? Swali la “ngapi” hapa halifai. Uliza badala yake: “Nchi gani jirani ya Tanzania ina wimbo wa taifa wenye sauti ileile ya wimbo wetu?” Zambia peke yake ndiyo inayokidhi masharti yote mawili, na hakuna atakayeinuka kupinga.

Neno la hatari kuliko yote katika chemsha bongo ni “wa kwanza”. Nimeona ukumbi mzima ukichafuka kwa swali moja: nani alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata medali ya Olimpiki? Tanzania ilipata medali mbili, zote za fedha, katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Filbert Bayi aliipata katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaipata katika mita 5,000. Upande mmoja ulidai wote wawili ni wa kwanza kwa kuwa ni michezo ileile; upande wa pili ukamtaja Bayi. Fainali ya Bayi ilikimbiwa tarehe 31 Julai na ya Nyambui tarehe 1 Agosti, kwa hiyo Bayi alitangulia kwa siku moja, lakini ni washiriki wachache mno wanaoweza kuijua tarehe hiyo, na swali linalotegemea tofauti ya siku moja ambayo halikuitaja halitendi haki. Ningeuliza hivi: “Wanariadha gani wawili waliiletea Tanzania medali za Olimpiki mwaka 1980, na kila mmoja aliipata katika mbio zipi?” Pointi ziwe nne, na anayejua nusu apate nusu.

Nikiwa kwa Bayi, naomba usimwishie Moscow. Kilele chake kilikuwa Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alipoongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Mwenyeji, John Walker, aliyemfuata, naye aliivunja rekodi ya zamani katika mbio hizohizo. Mwaka uliofuata Bayi aliiweka rekodi ya maili pia, dakika 3 na sekunde 51.0, mjini Kingston, Jamaika. Vijana wa leo wanaojua kila kitu kuhusu ligi ya soka ya Uingereza wangefaidika kujua kwamba mtu wa Karatu aliwahi kuwa mwenye kasi kuliko wanadamu wote katika umbali huo.

Sasa nirudi kwa Mpemba, kwa sababu yeye ni mfano wa sharti la tatu, nalo ni kuuliza kile ambacho sayansi imekwisha kukikubali, na kuliacha lile ambalo bado linajadiliwa. Akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Siku moja aliweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, akayakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa baridi. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mhadhiri wa fizikia aliyekuwa mgeni wa shule, Denis Osborne kutoka Dar es Salaam: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 yenye ujazo uleule? Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja. Jambo hilo hadi leo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Ukiuliza “Maji gani huganda haraka, ya moto au ya baridi?” umeingia katika mgogoro ambao wanafizikia wenyewe hawajaumaliza. Wapo wanaoona athari hiyo katika majaribio yao na wapo walioitafuta kwa vipimo makini wasiione, na mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi uliohitimisha kwamba ushahidi wake hautoshi. Mwanafunzi atakayejibu “ya baridi” ana hoja nzito, na atakayejibu “ya moto” ana Mpemba upande wake. Swali salama ni la mtu na tukio: “Mwanafunzi gani aliyekuwa akitengeneza aiskrimu katika Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963 aliona jambo ambalo sasa linaitwa kwa jina lake katika fizikia?” Jibu hilo halitabadilika hata kama kesho athari yenyewe itathibitishwa au kukanushwa.

Kuhusu hoja ya wenzako kwamba mambo ya kwetu ni rahisi, sikubaliani nayo hata kidogo, na ningekuomba uwapinge kwa heshima lakini kwa uthabiti. Jambo kuwa karibu na macho hakufanyi lijulikane. Shule yenu iko katika wilaya yenye urithi wa dunia: michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2006. Waulize wanafunzi wako ni nani aliyepiga kambi huko mwaka 1951 kunakili michoro hiyo kwa mkono, uone wangapi watamtaja Mary Leakey. Waulize kwa nini wataalamu huitenganisha michoro myekundu na ile myeupe, uone wangapi wanajua kwamba myekundu kwa ujumla ndiyo ya kale na huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji, na kwamba myeupe ilikuja baadaye pamoja na wakulima, mara nyingine ikachorwa juu ya ile ya kwanza. Waulize rangi nyekundu ilitokana na nini. Jibu ni oksidi ya chuma iliyomo katika udongo mwekundu, jamaa wa karibu wa kutu tunayoiona kwenye mabati, na ndiyo sababu imedumu kuliko rangi za mimea ambazo jua na maji huziondoa. Hilo ni swali la sanaa na la kemia kwa pamoja, na linaweza kuthibitishwa kwa safari fupi hadi Kolo, kwenye michoro yenyewe.

Jambo moja tu la michoro hiyo usiliulize, nalo ni umri. Makadirio ya wataalamu yanatofautiana mno, na mwanafunzi hodari aliyesoma vitabu viwili atakuwa na namba mbili. Na unapoyaandika maswali hayo, kumbuka kwamba baadhi ya mapango hayo wazee wa maeneo hayo bado huyatumia kwa matambiko. Yaulizwe kama mambo ya watu walio hai.

Katika muziki, mkoa wetu una hazina ambayo mashindano mengi huipita bila kuiona. Hukwe Zawose, Mgogo mzaliwa wa kijiji cha Doduma, aliupeleka muziki wa zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko, baada ya Mwalimu Nyerere kumwita Dar es Salaam. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki huko Bagamoyo mwaka 2003. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo ambalo huwakusanya waimbaji wa vijiji vingi. Na kuna muheme, ngoma ambayo mgeni akiulizwa nani huipiga, atajibu wanaume bila kufikiri. Wapigaji wake ni wanawake, wakiwa wameibana ngoma katikati ya mapaja. Nalipenda swali hilo kwa sababu linamshinda mtu anayebahatisha kwa mazoea, na linampa heshima mtoto aliyekaa na bibi yake na kutazama.

Zeze nalo linaweza kukuzalishia swali la sayansi. Mpigaji akiubana uzi katikati kabisa, nusu inayobaki itatoa sauti gani ikilinganishwa na uzi mzima? Mitetemo kwa sekunde huongezeka mara mbili, na sikio husikia noti ileile ikiwa juu kwa oktava moja. Swali hili linaweza kufanywa kwa vitendo mbele ya ukumbi, na hakuna jaji atakayehitaji kadi, kwa sababu kila mtu ataisikia.

Katika michezo, Singida iko mlangoni kwetu. Alphonce Felix Simbu, mtu wa mkoa huo, alimaliza wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba katika Mashindano ya Riadha ya Dunia ya London mwaka 2017, na tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo akawa bingwa wa dunia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ikaonyesha tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Swali la ngazi ya fainali linajitokeza lenyewe hapo: katika mashindano hayohayo ya Tokyo, ni zipi zilizoamuliwa kwa tofauti ndogo zaidi ya muda kati ya wa kwanza na wa pili, marathoni ya wanaume au mita 100 za wanaume? Karibu kila mtu atasema mita 100. Lakini Oblique Seville alishinda mita 100 kwa sekunde 9.77 dhidi ya 9.82 za Kishane Thompson, yaani tofauti ya sehemu tano za mia, na hivyo mbio za kilomita 42.195 ndizo zilizokuwa za karibu zaidi. Sioni urahisi wowote hapo.

Sikushauri uyafute mambo ya mbali. Mchanganyiko ndio unaofaa, na ya mbali hung’aa zaidi yakiwekwa kando ya ya karibu. Uliza, kwa mfano, michoro mitatu ilichorwa juu ya nini: ya Kolo, Mona Lisa iliyopo katika makumbusho ya Louvre, Paris, na ya Edward Said Tingatinga aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Ya kwanza iko juu ya mwamba. Ya pili wengi watasema kitambaa, kumbe Leonardo da Vinci aliichora juu ya ubao wa mti wa mpopla. Ya tatu ilikuwa juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung’aa, ileile ya kupakia baiskeli. Mwanafunzi atakayekumbuka jibu la tatu kwa sababu ameona michoro hiyo ikiuzwa atalikumbuka na la pili pia.

Ugumu wa swali usiutafute katika kuficha jambo, bali uutafute katika mpangilio wa dokezo. Anza na dokezo la mbali na umalizie na la karibu, na mruhusu mshiriki abonyeze kengele wakati wowote. Swali la Zawose likianza na “mwanamuziki wa zeze aliyefariki Bagamoyo”, ukumbi mzima utajibu pamoja. Likianza na ilimba, kisha Doduma, kisha mwaliko wa Nyerere, na Bagamoyo ikaja mwisho, anayejua zaidi atajibu mapema na kupata kilicho haki yake, na asiyejua sana bado ana nafasi katika sentensi ya mwisho.

Kwa upande wa uendeshaji sina mengi. Kila kadi iwe na swali, jibu, majibu mengine yanayokubalika, na sababu ya jibu kwa sentensi mbili, ili jaji asiyejua somo hilo aweze kuamua. Kila jibu lithibitishwe katika vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana. Mpe mwalimu wa somo husika maswali yake siku chache kabla na umwombe ayashambulie, na usimpe majibu. Pingamizi lipokewe kabla ya swali linalofuata kusomwa, lisikilizwe na majaji watatu, na kama swali litaonekana kuwa na majibu mawili ya haki, wote wawili wapewe pointi au swali lifutwe kwa timu zote. Kamwe lisifutwe kwa timu moja.

Timu zikilingana mwishoni, usiongeze swali la kengele, kwa sababu hapo bahati ya kidole huanza kuhukumu. Tumia swali la namba ambalo kila timu inaandika makadirio yake kwenye karatasi na iliyo karibu zaidi inashinda. Ninalokupendekezea linatoka katika Olimpiki ileile ya Mexico City. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alianguka katika marathoni na kuumia goti, akaendelea huku mguu umefungwa, akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, wakati watu 75 walikuwa wameanza. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Waeleze hayo yote, kisha uliza: Akhwari alivuka mstari dakika ngapi baada ya mshindi? Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, kwa hiyo tofauti ni dakika 65 na sekunde moja. Zipe timu dakika moja ya kushauriana, kusanya karatasi zote kwanza, na ndipo usome jibu.